Ushauri nasaha wa wanandoa: huduma ya watu wawili kwa jambo la watu kumi

Ushauri nasaha wa wanandoa unafanya kazi. Haufanyi kazi kwa kila nyumba, hauponyi kila kidonda, lakini umefanyiwa utafiti wa miaka mingi na matokeo yake yanajulikana. Kasoro yake kubwa ni kwamba umeshonwa kwa kipimo cha watu wawili, na mashauri mengi yanayoletwa kwake ni ya watu kumi. Mume na mke wanaingia wakisema hawaelewani. Ukiwasikiliza kwa makini, katikati yao amekaa mama mzazi anayepiga simu kila jioni, mdogo mtu anayesubiri ada, wifi anayehesabu nani alikuja msibani na nani hakuja, na ndoto ya mmoja wao iliyowekwa kando mwaka hadi mwaka kwa sababu zamu yake haijafika. Mshauri asiyewapa nafasi watu hao atawafundisha wawili hawa kusikilizana vizuri juu ya jambo ambalo silo.

Kwa hiyo tathmini hii inatanguliza kigezo kimoja: je, mshauri anajua kuwaingiza jamaa katika mazungumzo bila kuwapa usukani? Urefu wa kikao, njia anayoifuata, video au ana kwa ana, yote yana uzito wake, lakini hayafikii hilo.

Unacholipia

Njia zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni tiba inayolenga hisia, iliyoanzishwa na Sue Johnson na Leslie Greenberg katika miaka ya 1980. Kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 20, na kazi yake kubwa ni kuwaonyesha wawili gurudumu wanalolizungusha: huyu anadai, yule anajificha, na kadiri huyu anavyodai ndivyo yule anavyozidi kujificha. Ya pili ni ya John na Julie Gottman, yenye madodoso marefu mwanzoni na mazoezi mengi ya nyumbani. Ya tatu, ya Andrew Christensen na Neil Jacobson, inafundisha kukubali tofauti zisizobadilika sambamba na kubadili zinazobadilika.

Hii ya tatu ndiyo iliyotupa tarajio la haki. Huko Marekani wanandoa 134, yaani jozi 134 zenye ugomvi mzito wa muda mrefu, walipewa vikao visivyozidi 26, wengine kwa njia hii na wengine kwa njia ya zamani ya kufundisha stadi za mawasiliano, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 5. Mwishoni takriban nusu walikuwa na nafuu kubwa na takriban robo walikuwa wameachana, na njia hizo mbili hazikupishana sana. Mshauri anayekuahidi zaidi ya hapo anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuna hesabu nyingine ya kuijua kabla ya kulipa. Katika uchunguzi wa Gottman, asilimia 69 ya magomvi ya wanandoa yalitokana na tofauti zisizokwisha: tabia za mtu, malezi aliyopata, namna anavyouona ukoo wake. Hayo hayaishi, ila watu hujifunza kuishi nayo bila kuumizana. Anayekwenda kwa mshauri ili mkwe abadilike, au ili mwenzake aache kuwajali ndugu zake, ameagiza kitu kisichouzwa hapo.

Vikao vya mwanzo

Mpangilio mzuri ni huu. Kikao cha kwanza mnaingia wote wawili: mnasimulia mlivyokutana, kilichowaleta, na kila mmoja anataja badiliko ambalo yeye mwenyewe yuko tayari kulifanya. Kisha kila mmoja anaonana na mshauri peke yake mara moja. Mkirudi pamoja, mshauri anawaeleza alichokiona na mnakubaliana malengo mawili au matatu yanayopimika. Mshauri anayeanza kutoa mawaidha dakika ya kumi ya kikao cha kwanza bado hajasikia kitu.

Kabla ya kikao cha peke yako, uliza: nikikwambia jambo ambalo mwenzangu halijui, utalifanyia nini? Washauri hawana kauli moja hapa. Wapo wanaosema wazi kwamba hawatunzi siri inayogusa ndoa, watakupa muda uiseme mwenyewe. Wapo wanaotunza kila kitu. Kanuni zote mbili zinafaa mradi zimetajwa mapema, ikiwezekana kwa maandishi. Kinachovunja kazi ni kanuni inayogunduliwa katikati ya safari: mshauri anajua kuhusu deni lililofichwa, hawezi kulisema, na kila swali lake linaanza kuelemea upande mmoja.

Kikao hicho cha peke yako ndicho pia mahali pa kuulizwa kuhusu kipigo, vitisho, na kunyang'anywa simu au fedha. Pakiwa na hofu, ushauri wa pamoja haufai. Anayeogopa hatasema kweli mbele ya anayemwogopa, na akiisema huenda akailipia usiku huo huo nyumbani. Mshauri asiyeuliza swali hili kabisa, mwache. Hapa hakuna cha utamaduni wala subira.

Ramani ya ukoo

Chombo bora katika huduma hii yote, kwa watu wenye jamaa wengi na wajibu mwingi, ni karatasi na penseli: ramani ya ukoo, ambayo wataalamu huiita jenogramu. Ilitokana na kazi ya daktari wa akili Murray Bowen, na alama zake zikasanifiwa na Monica McGoldrick na Randy Gerson katika miaka ya 1980. Inabeba vizazi vitatu. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, umbo lenye X ni marehemu. Mstari unaunganisha wanandoa, na vistari viwili vya mshazari juu yake ni talaka. Juu ya mifupa hiyo unachora uhusiano wenyewe: mistari sambamba kwa walioshikamana sana, mstari wa meno ya msumeno kwa wanaogombana, mstari uliokatika kwa waliosusiana.

Ichoreni hata kabla ya kikao cha kwanza. Tengeni dakika 40 hadi 60 na karatasi kubwa moja; kila mmoja achore upande wake huku mwenzake akiuliza tu, bila kusahihisha. Wekeni miaka ya kuzaliwa, ndoa, vifo na kuhama. Halafu chukueni kalamu ya rangi nyingine kwa mambo ambayo ramani za kawaida huyaacha: fedha zinatoka kwa nani kwenda kwa nani, nani hushauriwa kabla ya uamuzi mkubwa, nani alimlea nani mzazi alipokuwa hayupo, na ahadi gani alipewa mtu ambaye sasa ni marehemu. Hapo ndipo maneno hufunguka. Mke anayemwona mumewe kama mtu asiyeweza kumkatalia dada yake anakuta mstari unaoonyesha kwamba dada huyo ndiye aliyeacha shule ili mdogo wake asome. Ombi la fedha ni lile lile, ila sasa lina asili yake, na badala ya "wewe ni dhaifu" wanaweza kuulizana "deni hili tunalilipaje, na litakwisha lini?"

Makosa ya kawaida ni kuwaacha walezi wasio wa damu, kuugeuza uchoraji kuwa kesi, na mshauri kuifungia ramani kabatini baada ya kikao kimoja. Iwe mezani kila mnapokutana.

Bowen aliona pia kwamba wawili wakizidiwa na wasiwasi humvuta mtu wa tatu ili wapumue: mama, mtoto, rafiki. Mshauri mwenyewe anaweza kugeuzwa huyo wa tatu. Dalili yake ni kwamba nyumbani mnaanza kutishana, "nitamwambia mshauri", na kikao kinageuka baraza la kutoa hukumu. Mshauri mzuri anaikataa kazi hiyo waziwazi.

Daktari mwingine wa akili, Ivan Boszormenyi-Nagy, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alizungumzia daftari ambalo kila ukoo hulibeba bila kuliandika: nani alitoa, nani alipokea, nani bado anadaiwa. Kwa watu wengi naona fikra hii inafaa kuliko ile ya "weka mipaka" inayorudiwa kila mahali, kwa sababu inamruhusu mtu kukiri kwamba kweli anadaiwa, kisha atenganishe anacholipa kwa haki na anacholipa kwa hofu. Zoezi linalofuata kutoka hapo ni la fedha. Pangeni kiasi cha mwezi cha kusaidia jamaa wa pande zote mbili, kitengwe siku fedha zinapoingia, si kwa zitakazobaki. Ndani ya kiasi hicho kila mmoja ana fungu lake na anaamua bila kuomba ruhusa. Zaidi ya hapo, wote wawili wakubali. Jibu la kwanza kwa ombi la ghafla, isipokuwa la ugonjwa au msiba, liwe "nitakujibu kesho". Mpango huu huharibika kwa njia mbili. Ama kiasi kimewekwa kidogo mno kwa kuwa hakuna aliyepitia matumizi ya nyuma. Dawa ni kuandika yaliyotoka kweli kwa miezi 3 kabla ya kupanga. Ama mmoja anaendelea kutuma kwa siri. Hilo halina dawa ya hesabu. Rudini kwenye ramani.

Mshauri wa kwenu au wa nje

Watu hudhani mshauri wa utamaduni wao atawaelewa bila maelezo. Mara nyingi ndivyo, na hatari iko hapo hapo: anajaza mapengo kwa maisha yake. Ukisema "mama mkwe", tayari ana wake kichwani. Mshauri wa nje naye ana makosa mawili yanayopingana. Yupo anayeona kila wajibu kwa mzazi kuwa ni utegemezi wa kuponywa. Yupo pia anayeogopa kuuliza lolote likishaitwa utamaduni, hata pale neno hilo linaposhikwa kama ngao ili mwenzako asiulize fedha zimekwenda wapi. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo la 5 la mwaka 2013, una mahojiano ya maswali 16 kuhusu utamaduni: mtu anaiitaje shida yake, anadhani imetokana na nini, ni nani karibu yake anayeipunguza au kuizidisha, alitafuta msaada gani kabla ya huu. Yanafaa hata kwa asiye mgonjwa.

Njia rahisi ya kumpima ni swali moja kwa simu kabla ya miadi: "Mmoja wetu anataka wazazi wake wahamie kwetu, mwingine hataki. Ungeanzaje?" Jibu zuri linakuja na maswali: wazazi wana hali gani, waliahidiwa nini, nani mwingine anaweza kuwachukua, mchana atawahudumia nani. Jibu baya linakuja na upande tayari, uwe wa "ndoa kwanza" au wa "mzazi ni mzazi".

Mkihitaji mkalimani, asiwe mtoto wenu wala jamaa yeyote. Mtoto anayetafsiri ugomvi wa wazazi wake anabebeshwa mzigo usio wake, na jamaa atalainisha maneno yanayouma, ambayo ndiyo mliyokuja kuyasema.

Furaha ya mtu binafsi

Hapa huduma nyingi zinachechemea. Ama furaha ya mtu inachukuliwa kuwa ubinafsi wa kupunguzwa, ama inafanywa haki inayopita kila kitu. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wameonyesha kwa miongo kadhaa kwamba mtu huhitaji mambo matatu ili astawi: kutenda kwa hiari, kujiona anaweza, na kuwa na watu wake. La kwanza ndilo hueleweka vibaya. Hiari si kujitenga. Mtu anaweza kuishi na wazazi, akawatii na kuwatunza, na akawa huru kwa sababu ameyaridhia hayo moyoni. Mwingine anaishi peke yake mbali na wote, na kila anachofanya anakifanya kwa kukimbia lawama.

Zoezi linalofaa: andika wajibu wote uliobeba wiki hii, kila mmoja mstari wake, na uupe namba. 1, naufanya kwa kuogopa adhabu au maneno ya watu. 2, nisipoufanya nitajilaumu. 3, naona maana yake. 4, naupenda wenyewe. Kaa na za 1 na 2. Chagua mmoja tu, na kwa wiki mbili jaribu kuuacha, kuupunguza, kugawana na mtu, au kuutafutia maana iliyo ya kweli kwako. Anayekata mitano kwa mpigo huamsha ukoo mzima, na kabla mwezi haujaisha ameirudia yote, safari hii na lawama juu yake. Mwenzi naye afanye orodha yake siku hiyo hiyo. Mara nyingi wajibu ulio namba 1 kwa mmoja ni namba 3 kwa mwingine, na kubadilishana kunamaliza jambo ambalo mazungumzo yalishindwa kulimaliza.

Kumwalika mzazi

Si kila mshauri hukubali kumwita mzazi au ndugu kwa kikao kimoja. Anayekubali na kujua kukiendesha, mshikilie. Kifanyike baada ya kikao cha sita hivi, mkishakuwa na kauli moja. Kabla ya hapo mzazi ataona ufa na ataupanua bila kukusudia. Dakika 90, ajenda moja. Anayezungumza na mzazi ni mwanawe, mkwe anasikiliza, kwa kuwa neno lile lile likitoka kwa mkwe linasikika kama utovu wa adabu na likitoka kwa mtoto ni ombi. Mzazi aanze, dakika 10 bila kukatizwa, kwa swali la heshima: "Mnatuhofia nini?" Kisha mtoto atoe shukrani ya jambo mahususi, halafu ombi lenye kipimo. "Mkipiga simu, iwe kabla ya saa tatu usiku" linashikika. "Mtupe nafasi" halishikiki. Mshauri afunge kwa kurudia waliyokubaliana kwa maneno ya mzazi mwenyewe. Kinachoharibu kuliko vyote ni kumshtukiza: ameambiwa aje kusalimia, anakuta kesi. Apewe taarifa siku 7 kabla, na atajiwe jambo lenyewe.

Muda, video na kupima maendeleo

Dakika 50 ni kipimo cha ushauri wa mtu mmoja. Kwa wawili ni chache. Kumi za kwanza zinakwenda kwenye kutulia, na mtu akipandwa na jazba hadi moyo upite mapigo 100 kwa dakika, hasikii tena vizuri anachoambiwa. Mwili unataka angalau dakika 20 ili ushuke. Ndiyo maana wengi hutoka wakiwa bado wanachemka na kumalizia ugomvi njiani. Dakika 80 au 90 kila baada ya wiki mbili zinazaa kuliko 50 za kila wiki, isipokuwa nyumba inawaka moto. Nyumbani, kanuni ya mapumziko ni hii: anayezidiwa anatoa ishara mliyoafikiana, anataja saa ya kurudi, isiwe chini ya dakika 20 wala zaidi ya siku moja, na yeye ndiye anayerudi kuanzisha mazungumzo. Katika muda huo asipange hoja kichwani, maana mwili hautatulia, na asimpigie simu ndugu yake.

Video inafaa, hasa kwa wanaoishi mbalimbali. Mkiwa pamoja tumieni kifaa kimoja, mkae mita moja na nusu hivi kutoka kamera, mikono ionekane. Mkiwa mbali, kila mmoja avae vipokea sauti na akae mahali penye mlango. Nyumba iliyojaa watu ndiyo kikwazo halisi, na gari lililoegeshwa linashinda chumba chenye pazia.

Muulize mshauri anapimaje. Scott Miller na Barry Duncan walibuni fomu mbili fupi, kila moja ina vipengele 4 na mistari ya sentimita 10 ya kutia alama: moja mwanzoni mwa kikao kuhusu hali yako binafsi, watu wa karibu, jamii na kwa jumla, nyingine mwishoni kuhusu kikao chenyewe. Zinakula dakika chache. Tazameni mstari wa hali binafsi na wa watu wa karibu kwa pamoja. Wa pili ukipanda huku wa kwanza ukishuka kwa vikao vitatu mfululizo, amani ya nyumba inalipiwa na furaha ya mtu mmoja, na mshauri anapaswa kulisema hilo kwa sauti. Vikao 6 hadi 8 vikipita alama zimesimama palepale, badilisheni mshauri kabla ya kukata tamaa na huduma.

Kama mfuko unaruhusu vikao vinne tu, chukueni cha pamoja, cha kila mmoja peke yake, na kimoja cha dakika 90 juu ya ramani ya ukoo mliyoichora wenyewe nyumbani. Zoezi la fedha na orodha ya wajibu mtayafanya bila mshauri, dakika 30 kila wiki, siku ile ile, simu zikiwa chumba kingine.